Kishikio cha Makopo Sita

Msomaji, jaribu siku moja kubeba makopo sita ya kinywaji kutoka dukani mpaka nyumbani kwa mikono mitupu. Mawili utayashika vizuri. La tatu utaliegemeza kifuani. La nne litakushughulisha. Na kabla hujalipata la sita, moja litakuwa limekwisha kuanguka na kubingirika njiani. Taabu hii ndogo ndiyo iliyozaa chombo ninachotaka kukueleza habari zake, yaani kishikio cha plastiki cha kuunganisha makopo. Ni kitu hafifu, na watu wengi hukitupa pasipo kukitazama. Hata hivyo historia yake ina funzo ambalo yafaa kila kijana alijue.

Kopo lilitangulia kishikio. Mwaka 1810 Mwingereza Peter Durand alipewa hataza ya kuhifadhi chakula katika vyombo vilivyofungwa, vikiwamo vyombo vya bati. Lakini vinywaji vyenye mapovu vilikawia sana kuingia koponi, kwa kuwa gesi iliyomo ndani yake husukuma kuta za chombo kwa nguvu. Ilikuwa tarehe 24 Januari 1935, ndipo bia ya makopo ya kiwanda cha Krueger, cha mji wa Newark nchini Marekani, ilipoanza kuuzwa katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Makopo yale yalikuwa ya chuma, mazito, tena hayakufunguka ila kwa kutobolewa.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1959 kampuni ya Coors ilitoa kopo la alumini, ambayo ni nyepesi kuliko chuma wala haishiki kutu. Mwaka huo huo, kama inavyosimuliwa, Ermal Fraze, mhandisi wa jimbo la Ohio, alikwenda matembezini na jamaa zake, akasahau kifungulio, akalazimika kutoboa makopo kwa bampa ya motokaa. Shida hiyo ikamfikirisha, naye akabuni kopo lenye kipete cha kuvutwa kwa kidole. Basi kopo likawa jepesi kulibeba na rahisi kulifungua, na kilichobaki ni namna ya kuyashika mengi kwa pamoja.

Desturi ya kuuza vinywaji sita sita ilikuwapo tangu zamani, maana kampuni ya Coca-Cola ilitoa kasha la karatasi ngumu la chupa sita mwaka 1923. Lakini karatasi hulainika inapolowa, na kopo lililotoka katika barafu hutoa jasho. Palihitajiwa kitu chepesi, chenye nguvu, kisichoogopa maji.

Kitu hicho kilikuwa kimekwisha kupatikana bila ya kutafutwa. Mwaka 1933, huko Northwich nchini Uingereza, wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakichunguza mambo ya gesi zilizogandamizwa kwa nguvu nyingi sana. Siku moja wakakuta ndani ya chombo chao utando mweupe mfano wa nta. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa polithini, plastiki ambayo wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kufunika nyaya za rada, na baada ya vita ikaenea katika majumba na masoko.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Illinois Tool Works ya Marekani ilianza kutengeneza pete sita za polithini zilizounganishwa, uvumbuzi wa Jules Poupitch. Tazama jinsi zilivyofanya kazi. Kila tundu lilikuwa dogo kuliko kopo. Mashine iliyavuta matundu yakapanuka, ikayasukuma juu ya makopo, kisha ikayaachia. Polithini, kwa tabia yake ya kujirudi, ilinywea na kuyabana makopo barabara. Hapakuwa na gundi, wala msumari, wala kamba. Uzito wake ulikuwa mdogo na bei yake ndogo zaidi, na kwa muda mfupi pete hizo zikayashinda makasha ya karatasi.

Kumbuka, msomaji, sifa tatu za pete hizo: zilikuwa nyepesi, zilikuwa rahisi, na hazikuharibiwa na maji. Sifa hiyo ya tatu ndiyo iliyogeuka kuwa ila. Kinywaji kilikwisha kwa dakika chache, lakini kishikio kilibaki. Kilichukuliwa na upepo na mito mpaka baharini, na tundu lililokuwa limelibana kopo likaja kubana shingo ya ndege au mdomo wa samaki.

Mwaka 1993, katika jimbo la Missouri, alionekana kobe wa majini aliyekuwa amenaswa katika pete ya namna hiyo tangu udogo wake. Mwili ulikua, lakini pete haikulegea. Basi ganda lake likabanwa kiunoni likawa na umbo la tarakimu 8. Watu wakampa jina Peanut, yaani njugu, kwa jinsi alivyofanana na ganda la njugu. Pete ilikatwa akaishi, lakini umbo lake halikurudi tena. Yeye hakununua kinywaji wala hakukionja. Alilipa gharama ya starehe ya mtu asiyemjua.

Serikali hazikunyamaza. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria juu ya pete hizo, na kanuni za mwaka 1994 zikaagiza zitengenezwe kwa plastiki inayoharibika. Hutiwa kitu kinachoifanya idhoofike na kukatika kwa nguvu za jua. Hayo ni maendeleo, lakini si tiba kamili. Pete iliyovunjika vipande haimnasi kobe, ila vipande vyenyewe havijatoweka.

Kwa hiyo wengine wakashika njia ya pili, wakatengeneza kishikio kigumu cha plastiki nene, kinachofunga midomo ya makopo kwa juu na kuyaunganisha. Hakinyumbuki kama pete, hakichaniki upesi, tena mtu aweza kukibandua, kukiosha, na kukitia katika makopo mengine. Viko hata vishikio vilivyotengenezwa ili makopo yapangwe safu juu ya safu bila kuporomoka. Ni hatua njema, lakini kina sharti moja: kikitumiwa mara moja na kutupwa, hasara yake huzidi ile ya pete, kwa kuwa plastiki yake ni nyingi zaidi.

Sharti hilo si geni kwetu Kenya. Bila shaka umeona kreti ya soda yenye vyumba 24. Hupangwa moja juu ya nyingine dukani, hupakiwa garini, hurudi kiwandani na chupa tupu, kisha huja tena. Pengine umewahi kutumwa soda, ukaambiwa uache pesa za chupa mpaka utakapoirudisha. Jimbo la Oregon huko Marekani lilipitisha sheria ya mwaka 1971 iliyofuata njia hiyo hiyo: anayenunua kinywaji huweka amana ndogo, na akirudisha kopo au chupa hurudishiwa fedha yake. Na tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, watu wetu wengi wamejifunza kwenda sokoni na kikapu.

Basi historia ya kishikio cha makopo yatuonyesha kwamba fundi aweza kutengeneza chombo cha kudumu miaka mingi, lakini hawezi kumlazimisha mtu kukitumia zaidi ya mara moja. Kazi ya fundi huishia kiwandani, na iliyobaki ni yako. Siku utakapoondoa kopo la mwisho katika kishikio chake, utafika mahali walipofika mamilioni ya watu kabla yako. Wao wengi walikitupa, na Peanut alilipa. Wewe utafanya nini?