Chaguo la amri katika matumizi ya kanzidata

Chaguo, wingi machaguo, ni nomino ya ngeli ya LI-YA. Katika lugha ya kompyuta hutaja alama fupi, aghalabu kistari kinachofuatwa na herufi au neno, inayoandikwa baada ya jina la programu ili kuielekeza namna ya kutenda kazi yake. Baadhi ya wafasiri huandika chaguzi za amri. Umbo hilo liepukwe: chaguzi ni wingi wa uchaguzi, na msomaji alionapo huwaza kwanza masanduku ya kura.

Programu inayopokea amri za kanzidata kwa maandishi matupu huitwa na wengine ganda. Tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno. Ganda la Kiswahili ni la yai, la ndizi au la muhogo. Programu ya amri inatosha na inaeleweka.

Chukulia mwalimu wa Gairo, mkoani Morogoro, aliyekusanya maneno ya Kikaguru, lugha ambayo Malcolm Guthrie aliipa namba G12, jirani na Kigogo, G11. Maneno yote yamo katika faili moja la SQLite, na mwanafunzi anahitaji kuyaona tu. Ataandika:

sqlite3 -readonly -header -csv kikaguru.db "SELECT * FROM maneno;"

Chaguo -header huweka majina ya safuwima juu ya orodha, na -csv hutenganisha thamani kwa mkato. Hayo ni ya sura. Lenye uzito ni -readonly, linaloruhusu kusoma pekee. Amri ya DELETE isiyo na sharti la WHERE hufuta maingizo yote ya jedwali, na ikiwa mwalimu hana nakala nyingine, kazi yake imekwisha. Chini ya -readonly amri hiyo hukataliwa.

Katika MySQL hatari huwa katika nafasi kati ya maneno, jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili hulijua vizuri: wakati si wa kati. Linganisha:

mysql -u mwalimu -p kikaguru
mysql -u mwalimu -pkikaguru

Katika amri ya kwanza, programu huuliza nywila, kisha hufungua kanzidata iitwayo kikaguru. Katika ya pili, kikaguru ndiyo nywila yenyewe, na hakuna kanzidata iliyotajwa. Zaidi ya hayo, nywila iliyoandikwa wazi namna hiyo huweza kubaki katika kumbukumbu ya amri, ikasomwa na anayefuata kukalia kompyuta hiyo. Katika maabara ya shule hilo si jambo la kupuuzwa.

Ukubwa wa herufi nao hubadili maana. Katika MySQL, -p ni nywila, ilhali -P ni namba ya mlango wa mawasiliano wa seva. Hivyo ni kama vitate. Kwa upande wa psql, programu ya amri ya PostgreSQL, -p hiyohiyo ndiyo namba ya mlango, na jina la mtumiaji huja baada ya -U kubwa. Hapo -p inafanana zaidi na kitawe: umbo moja, maana mbili, na ni jina la programu linaloamua ipi inakusudiwa. Mfasiri wa mwongozo asiichukue fasili ya programu moja akaibandika kwenye nyingine.

Chaguo lenyewe halitafsiriwi. Anayeandika -somatu mahali pa -readonly anampa msomaji amri itakayokataliwa. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake. Upatanisho hufuata ngeli: chaguo -p linauliza nywila; machaguo haya yanatangulia jina la faili. Katika uchapaji, programu za kuandikia huelekea kugeuza vistari viwili vya --user kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za mtajo zilizonyooka kuwa za kupinda. Amri iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa aina hiyo haifanyi kazi, hata kama kila herufi yake ni sahihi.