Kituo cha Utafiti Hupimwa kwa Kitu Gani?

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: utafiti, mpango, tathmini. Utafiti ni kutafuta jambo lisilojulikana, kwa kupima na kuhesabu. Mpango ni kupanga kazi kabla ya kuianza. Tathmini ni kuitazama kazi iliyofanyika na kusema imeleta faida gani.

Ninyi mnaosoma Kinondoni na Temeke hamko mbali na kazi hii. Mikocheni kipo kituo cha utafiti wa kilimo. Temeke ipo maabara kuu ya magonjwa ya mifugo. Kijitonyama zipo ofisi za Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 ili kushika nafasi ya baraza la utafiti la mwaka 1968. Watu wengi hupita mbele ya mageti hayo bila kujua kinachofanyika ndani. Lakini sehemu ya fedha zinazotumika humo ni kodi ya wananchi. Basi mwananchi ana haki ya kuuliza: kituo hiki kimetufaa nini? Leo tutajifunza kuliuliza swali hilo vizuri, kwa kutazama vyakula vitatu tunavyovijua sote: karanga, mihogo na nazi.

KARANGA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu watatu walitumwa Afrika Mashariki na ya Kati. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, wakashauri kwamba eka 3,210,000 zilimwe karanga, nyingi zake katika Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo.

Fedha zilikuwapo, matrekta yalikuwapo, watu walikuwapo. Kilichokosekana ni miaka ya majaribio. Mvua za Kongwa hazina uhakika, na jambo hili kila mzee wa Kigogo alilijua. Udongo wake ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na karanga zilishikwa humo zisiweze kuchimbwa. Mwaka 1951 mpango huo mkubwa uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea.

Haraka haraka haina baraka. Shamba dogo la majaribio, lililolimwa kwa misimu michache tu, lingaliweza kuonyesha hasara hiyo mapema. Hapa tunapata kipimo cha kwanza: Je, swali liliulizwa kabla ya fedha kutumika?

(Mwalimu anyamazishe redio kwa dakika tano. Darasa lijadiliane: Kwa nini mtu mwenye fedha nyingi huona uzito kujaribu kidogo kwanza?)

MIHOGO

Sasa twende Amani, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Huko Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda miti kutoka nchi nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kilizorota, kisha Waingereza wakakifufua mwishoni mwa miaka ya 1920.

Mihogo ilikuwa ikiugua batobato, ugonjwa unaoenezwa na inzi weupe. Majani hupata madoa ya manjano na kujikunja, na mizizi huwa midogo. Mkulima wa muhogo hulima chakula cha akiba; muhogo ukimwangusha, hana pa kukimbilia. Katika miaka ya 1930 wataalamu wawili wa Amani, Storey na Nichols, walianza kutafuta mbegu inayostahimili. Walijaribu aina nyingi za mihogo bila kuridhika. Ndipo wakachanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni ndugu yake. Mti huo ulipandwa kwa wingi na Wajerumani kwa biashara, na bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, mashamba mengi yakaachwa. Mti ulioonekana hauna faida tena ukawa dawa ya muhogo!

Lakini mche wa kwanza wa mchanganyiko huo haukufaa kwa chakula. Iliwabidi kuurudisha kwa muhogo mara kadhaa, kizazi baada ya kizazi, wakichagua na kutupa. Nichols alifariki mwaka 1951, na mwenzake Jennings akaendelea. Katika miaka ya 1950 mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilifika Nigeria. Huko, katika miaka ya 1970, kituo cha kimataifa cha Ibadan kilizitumia kuzalisha mihogo bora iliyoenea katika nchi nyingi za Afrika.

Hesabuni wenyewe. Tangu kuanza mpaka faida kubwa kuonekana, ilipita miaka 40 hivi. Mkaguzi aliyefika Amani mwaka 1940 na kuuliza, "Magunia mangapi?" angaliandika sifuri, na pengine angalifunga kazi. Kipimo cha pili ni hiki: Je, kituo kimepewa muda unaolingana na swali lake?

Wala tusisifu kupita kiasi. Mwaka 1936 Storey aliueleza ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, unaoozesha muhogo ndani ya udongo. Ugonjwa huo ungali unawaumiza wakulima wa pwani, na kituo cha Mikocheni ni miongoni mwa vinavyoutafiti.

MINAZI

Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulianza mwaka 1979, na utafiti wake ukawekwa hapo Mikocheni. Minazi ya pwani ilikuwa ikifa kwa ugonjwa usio na dawa. Minazi ya kigeni yenye sifa ya kuzaa sana ilipandwa kwa majaribio, na mingi ikafa kwa ugonjwa huo. Katika baadhi ya sehemu, minazi mirefu ya kienyeji ilistahimili zaidi. Je, huko ni kushindwa? Sivyo. Jibu la "hapana" lililoandikwa kwa ukweli humwokoa mkulima asinunue hasara.

Jambo jingine ni la majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani. Watafiti wa Zanzibar katika miaka ya 1950, na wa Mikocheni baadaye, walionyesha kwamba majimoto huwafukuza wadudu wanaofyonza vidaka hata vikaanguka. Mkulima aliyekuwa akiwachoma moto alikuwa akiwachoma walinzi wake. Elimu hiyo haihitaji kununua kitu, lakini haifai kitu ikibaki kabatini. Hicho ndicho kipimo cha tatu: Je, jibu limemfikia mwenye shida?

Ndugu wanafunzi, kituo hakipimwi kwa urefu wa jengo wala wingi wa magari. Kifungwe mapema, na kazi ya miaka mingi hupotea. Kiachwe bila kuulizwa, na fedha huliwa bure. Mwenye kujua kuuliza vizuri hukilinda kituo na hasara zote mbili.

MASWALI

1. Taja vipimo vitatu vya leo.
2. Kwa nini karanga za Kongwa zilishindwa?
3. Katika mtaa wenu kuna shida gani inayohitaji utafiti? Andikeni swali moja, sentensi moja tu.