Miombo ya Rumonge na Kazi ya Mikono Mingi

Anayefundisha maneno ujima, msaragambo na kujitolea hukuta kwamba maana zake hukaribiana mno. Historia ya mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika huyatenganisha vizuri zaidi. Pale Rumonge, mji wa bandari ambako Kiswahili husikika sokoni na mwaloni sawa na Kirundi, kumesalia msitu mdogo wa miombo, jamaa ya misitu ile inayoenea Tanzania ya magharibi. Hifadhi yake ni hekta zipatazo 600 tu.

Warundi wa zamani walikuwa na ikibiri: majirani walikusanyika kumlimia mmoja wao, kisha wakaenda kwa mwingine. Hapakuwa na amri. Lakini asiyekwenda kwa mwenziwe alikosa wa kumjia. Utawala wa Kibelgiji ulileta kazi ya namna nyingine, ya barabara na mazao ya lazima, yenye adhabu kwa mkaidi. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, kazi za jumuiya za asubuhi ya Jumamosi, ziitwazo ibikorwa rusangi, zilirithi (ndivyo tuonavyo sisi) kumbukumbu zote mbili, ya ujirani na ya shokoa. Ndiyo maana watu wawili waliosimama na majembe yao kwenye mstari mmoja waweza kuwa wanafanya kazi mbili tofauti.

Sheria ya tarehe 3 Machi 1980 iliweka msingi wa mbuga na hifadhi za taifa. Sheria haikuweza kuzuia njaa ya ardhi. Mauaji ya mwaka 1972 yalikuwa yamewakimbiza wengi wa mwambao huu hadi Tanzania. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vikaongeza wakimbizi. Waliporejea, hasa katika miaka ya 2000, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Katika dhiki ya namna hiyo mti husimama kama kuni, mkaa au shamba lililochelewa kufyekwa.

Wito wa kupanda miti ulikuja mara kwa mara, wa karibuni ukiwa ule wa Ewe Burundi Urambaye, ulioanza mwaka 2018. Hatuudharau. Lakini mikaratusi na misonobari, iliyojaza vilima vingi vya nchi hiyo tangu miaka ya 1970, hailipi deni la miombo. Tena miombo haihitaji sana kupandwa: ikikatwa, huchipua kutoka kisikini na mizizini, mradi moto usiipitie kila mwaka na panga lisirudi mapema. Kazi inayotakiwa basi ni kulinda na kusafisha njia za kuzuia moto, kazi isiyopendeza kwenye picha kama ile ya kupanda mche.

Nani aifanye? Katika misitu hiyo huota uyoga unaoliwa, ambao huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miombo. Mti ukienda, nao hutoweka. (Kirundi huuita ubwoba, ambalo pia ni neno la hofu, katika Kiswahili uyoga na uoga nao hukaa jirani.) Tungeulizwa, tungewataja kwanza waokotaji wa uyoga. Hao wana sababu yao wenyewe ya kutoka pamoja mwezi Juni, nyasi zinapoanza kukauka, na hiyo ndiyo ikibiri.