Don Cornelius na Jukwaa la Vijana: Urithi wa Kipindi cha Soul Train

Katika historia ya televisheni, watangazaji wa vipindi vya muziki na dansi vya vijana hukumbukwa zaidi kwa sauti na mavazi yao, ilhali mchango mkubwa wa Don Cornelius, mwanzilishi wa kipindi cha Soul Train nchini Marekani, ulikuwa kumiliki jukwaa alilosimama juu yake. Cornelius alizaliwa Chicago tarehe 27 Septemba 1936, akawahi kuwa polisi, kisha akawa msomaji wa habari katika redio ya WVON, kituo kilichosikilizwa sana na Weusi wa jiji hilo. Pamoja na kazi hiyo aliandaa maonyesho ya muziki yaliyozunguka katika shule za sekondari, na jina la maonyesho hayo ndilo alilokipa kipindi chake.

Kabla yake, mfano mkuu wa vipindi hivyo ulikuwa American Bandstand cha Philadelphia, kilichorushwa nchi nzima kuanzia 1957 chini ya Dick Clark. Wasanii Weusi waliimba humo, lakini kwa miaka mingi vijana Weusi wa mji huohuo walizuiwa kwa hila kuingia studio kucheza. Soul Train, iliyoanza katika kituo cha WCIU cha Chicago tarehe 17 Agosti 1970, iliwaweka vijana hao katikati ya picha, wakicheza muziki wa soul, yaani muziki uliozaliwa na nyimbo za makanisa ya Weusi ukichanganyika na midundo ya dansi ya mijini.

Tarehe 2 Oktoba 1971 kipindi kilianza kurushwa kutoka Los Angeles kwa utaratibu wa kuuzwa kwa kituo kimoja kimoja badala ya kumilikiwa na shirika moja la utangazaji, na mdhamini wake mkuu alikuwa Johnson Products, kampuni ya Weusi ya Chicago iliyotengeneza mafuta ya nywele ya Afro Sheen. Kwa njia hiyo Cornelius alibaki mwenye mali na mwenye kauli. Sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mistari miwili ya wachezaji wanaotazamana, ambao hupita katikati wawili wawili wakionyesha ufundi wao. Humo ndimo mitindo ya mitaani ilimosambaa, na Jody Watley na Jeffrey Daniel, waliokuwa wachezaji tu, wakatokea kuwa wanamuziki mashuhuri. Cornelius aliongoza kipindi hadi 1993, kipindi chenyewe kikaendelea hadi 2006, naye akafariki tarehe 1 Februari 2012.

Kwa msomaji wa Thongpiny, mtaa wa Juba, Sudan Kusini, ulio jirani na uwanja wa ndege, historia hii si ya mbali. Juba nayo ilikuwa na kumbi zake za dansi, na bendi kama Skylarks na Rejaf Jazz zilichota mitindo ya Kampala na Nairobi na kuifanya ya nyumbani. Tofauti iko katika kumbukumbu: Soul Train iliacha hazina ya vipindi zaidi ya 1,100 ambayo iliuzwa mwaka 2008 kama mali yenye thamani, ilhali Sudan Kusini ilipitia vita vya miongo mingi, na hata nyaraka za serikali ziliwahi kuhifadhiwa ndani ya hema kabla ya kupangwa upya.

Fundisho la Cornelius, basi, ni kwamba jamii inayotaka vijana wake wakumbukwe haina budi kumiliki jukwaa lao na pia kanda za yaliyotendeka juu yake. Vituo vya utangazaji vya Juba, wanamuziki wazee na familia zenye picha, kanda au sahani za santuri wanapaswa kuanza kuzikusanya na kuzinakili sasa, wakati wale waliocheza katika kumbi hizo wangali hai na wanaweza kuzitolea maelezo.