Terere za Nyuma ya Nyumba: Nakuru Ilikula Nini, Inakula Nini

Ndugu msomaji, saa ya futari ikikaribia hebu pita Bondeni ujionee. Sambusa, kaimati, chipsi, soda za kila rangi. Mboga utaitafuta kwa tochi. Na ajabu ni kwamba mji wetu umezungukwa na mashamba kila upande: Njoro, Bahati, Subukia, Molo. Sasa imekuwaje mji uliozaliwa katikati ya chakula ukawa unakula hivi? Turudi nyuma kidogo.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na 1904 pakatangazwa kuwa mji. Ardhi ambayo Wamaasai walikuwa wakichungia ikagawiwa walowezi. Lord Delamere alijaribu ngano kule Njoro, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Lakini ngano ilikuwa ya kuuza. Mfanyakazi wa shamba alipewa posho, yaani unga wa mahindi, kama sehemu ya ujira wake. Hapo ndipo ugali mweupe ulipotutawala! Kabla ya hapo, jamii nyingi za bara zilitegemea wimbi, mtama, maziwa na mboga za kienyeji. Mahindi yenyewe hayakuwa mageni kabisa, ila yale meupe yalienezwa na walowezi kwa sababu yalikuwa na soko hadi London. Basi mtu akikuambia ugali mweupe ni chakula cha mababu, muulize ni babu yupi huyo.

Mjini nako mambo yalikuwa mengine. Mkoloni alimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa kazi, akimaliza arudi kwao. Kulima ndani ya mji kulionekana ni uchafu; mahindi yalisemekana kuficha mbu na wezi. Uhuru ulikuja 1963, lakini fikra hizo zilibaki katika sheria ndogo za miji yetu kwa miaka mingi. Nyanya yangu alikuwa akipanda terere na managu nyuma ya nyumba huku sikio liko barabarani. Akisikia gari lisilo la kawaida anaingia ndani, kama si zake.

Hata hivyo watu walilima. Miaka ya 1980 na 1990 maisha yalipopanda, mshahara ukawa hauishi mwezi, kila kipande cha ardhi kikatiwa jembe. Watafiti Dick Foeken na Samuel Owuor walipoichunguza Nakuru mwaka 1999, walikuta kama theluthi moja ya nyumba zinalima au kufuga ndani ya mji. Sukuma wiki, mahindi, maharage, kuku, hata ng'ombe. Wengi walifanya hivyo kwa ajili ya sufuria ya nyumbani kwanza, biashara baadaye.

Lakini kuna jambo moja katika utafiti huo lililonikaa rohoni. Walionufaika zaidi hawakuwa maskini. Mwenye ua mpana ndiye mwenye pa kupanda. Aliyepanga chumba kimoja Rhonda au Kaptembwo atapanda wapi? Huyo ndiye anayehitaji mboga zaidi, na ndiye anayelazimika kununua hata kitunguu kimoja. Na wanaomwagilia kwa maji taka, mboga zao hunawiri kweli, ila vijidudu navyo vinasafiri pamoja nazo hadi sokoni.

Sheria zimebadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 nayo inataja kilimo cha mjini. Nakuru ikapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na sensa ya 2019 ilishahesabu wakazi 570,674.

Lakini ardhi haikungoja sheria. Pale nyuma kwa nyanya sasa pamejengwa vyumba vya kupangisha. Terere zake ziko kwenye magunia manne karibu na mlango, anazimwagilia maji aliyooshea mchele. Safari hii hajifichi. Jana alitutumia fungu moja la futari, likaisha kabla ya sambusa.