Mbegu ya Shangazi na Mahindi ya Makutupora

Shangazi yangu wa Chamwino hakuwahi kununua mbegu mpaka nilipomshawishi mimi. Masuke ya lugugu, ule mtama wetu wa kienyeji, aliyachagua shambani kabla ya mavuno, akayatundika juu ya meko ili moshi uyakinge na wadudu. Jirani aliyeishiwa alipewa bakuli moja, na akivuna alirudisha bakuli. Wazee walikuwa wakisimulia Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi yalipochukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosa. Kwa watu waliokulia masimulizi hayo, kula mbegu lilikuwa jambo la mwisho kabisa.

Mwaka 1979 nilirudi kijijini nikiwa bwana shamba kijana, nimebeba mfuko wa Serena. Sina budi kuitendea haki mbegu hiyo. Ilizalishwa Serere, Uganda, na watafiti waliozihudumia nchi zote tatu za Afrika Mashariki, na mmoja wa wazazi wake ulikuwa mtama wa Swaziland. Ilikuwa fupi, ilikomaa mapema, na punje zake za kahawia zilikuwa chungu kiasi cha kuwachosha kweleakwelea. Fedha za kuizalisha zilitoka katika hazina za umma, na hakuna aliyedai ada ya uvumbuzi. Ilivuka mipaka kama upepo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika, lakini Serena iliendelea kuota pande zote za mpaka.

Shangazi aliipanda kwa heshima yangu. Msimu wa pili akaongeza shamba, na wa tatu lugugu ikawa haipo. Ndipo alipolalamika kwamba ugali wa Serena ni mchungu na unafaa pombe tu. Akaniuliza, "Mwanangu, mbegu yako nimeiona. Ile yangu iko wapi?" Nilizunguka hadi Mvumi nikaambulia masuke yaliyochanganyika. Katika mafunzo yangu yote hakuna aliyenieleza kwamba mwanamke asiyejua kusoma, anayechagua masuke kila mwaka, naye ni mtafiti. Lakini kosa silitupi kwa walimu wangu. Meko yake niliyaona kwa macho yangu.

Nchi nayo ilikuwa inajitafutia njia. Sheria ya mwaka 1968 iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, UTAFITI, na ile ya 1986 ikaweka COSTECH mahali pake. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya hataza, ambayo ilikataa kutoa hataza kwa aina za mimea. Mwanya huo ulikuja kuzibwa na sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu mwaka 2002, kisha ile ya 2012, na mwaka 2015 Tanzania ikajiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Hapo nastaajabu kidogo. Shirika la Biashara la Dunia limezipa nchi maskini kabisa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na mkataba wake wa haki za ubunifu. Sisi tulitangulia. Kwa mbegu iliyosajiliwa chini ya utaratibu huo, sheria inamwachia mkulima mdogo nafasi ya kujiwekea mbegu za shamba lake, lakini bakuli la jirani halikukumbukwa.

Fedha ndizo zilizosuasua. Tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, nchi za Afrika zimekuwa zikiahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na ahadi hiyo imerudiwa mara nyingi mikutanoni. Mtafiti asiye na petroli ya gari hawezi kuungojea mkutano ujao. Humsikiliza mfadhili.

Ndivyo mahindi yale yalivyofika Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, Oktoba 2016. Mradi wenyewe, WEMA, ulianza mwaka 2008 kwa fedha za taasisi za Bill na Melinda Gates na Howard Buffett, pamoja na shirika la misaada la Marekani. Kinasaba cha kustahimili ukame, kilichotoka kwa bakteria, kilikuwa mali ya Monsanto, nayo ilikubali kisitozwe ada kwa wakulima wadogo. Kabla ya hapo, mwaka 2015, serikali ililegeza kanuni za dhima kwa upande wa utafiti, kwani wenye teknolojia walikuwa wanaogopa kuileta. Shamba likawekewa uzio. Mimi nilijiuliza swali la kizamani: kwa nini mahindi, katika nchi ya mtama na uwele?

Novemba 2018 wizara ya kilimo ikaamuru majaribio yasimame na masalia yateketezwe, na Januari 2021 waziri akayapiga marufuku. Wenzangu wengi walishangilia. Mimi sikuweza. Hofu ya kuazima kitu ambacho mwenyewe anaweza kukidai kesho naielewa vizuri. Mwaka huohuo wa 2018 Monsanto yenyewe ilinunuliwa na Bayer. Lakini vijana wetu wa Makutupora walikuwa wamejifunza kazi ngumu, na jibu la jaribio, liwe zuri au baya, lilikuwa na thamani. Kuzuia mbegu isiuzwe ni jambo moja. Kuizuia isichunguzwe ni jambo jingine, hasa ikiwa baada ya kumfukuza mfadhili hatuweki shilingi zetu pale alipotoka.

Shangazi hakuyaona hayo, alikwisha kufariki. Msimu uliopita binamu yangu, bintiye, aliniletea masuke manne kutoka kwa mkwewe, akisema ndiyo lugugu halisi. Punje zinafanana. Nilizipanda kando ya nyumba, na kwa kuwa si chungu, kweleakwelea wakala zaidi ya nusu. Yaliyobaki nimeyatundika juu ya meko. Mke wangu analalamikia masizi.