Intellivision Amico

Intellivision Amico ni kifaa cha michezo ya video kilichobuniwa na kampuni ya Intellivision Entertainment ya Marekani ili kufufua jina la Intellivision, konsoli iliyotamba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilitangazwa mwaka 2018 kuwa kifaa cha familia nzima kuchezea pamoja sebuleni, na kilipangwa kuanza kuuzwa tarehe 10 Oktoba 2020. Tarehe hiyo iliahirishwa mara kadhaa. Hadi kampuni ya Atari iliponunua jina la Intellivision mnamo Mei 2024, Amico ilikuwa bado haijafika madukani. Neno amico ni la Kiitalia na maana yake ni "rafiki".

Asili ya jina

Intellivision ya kwanza ilitengenezwa na Mattel Electronics, tawi la Mattel, kampuni inayojulikana zaidi kwa wanasesere wa Barbie. Ilijaribiwa sokoni mwaka 1979 katika mji wa Fresno, California, kisha ikauzwa Marekani nzima kuanzia 1980. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Atari 2600, na Mattel ilirusha matangazo ya televisheni yaliyolinganisha picha za vifaa hivyo viwili waziwazi. Padi yake ilikuwa ya pekee: ilikuwa na kisahani cha kuelekeza na vitufe 12 vilivyopangwa kama vya simu, na juu ya vitufe hivyo mchezaji alichomeka karatasi ya plastiki yenye michoro iliyoonyesha kazi ya kila kitufe katika mchezo husika. Ziliuzwa konsoli zaidi ya milioni 3.

Hata wakati huo jina hilo lilikuwa na deni la ahadi. Mattel iliwaambia wanunuzi kwamba konsoli yao ingeongezewa kibodi na kugeuka kompyuta kamili ya nyumbani. Kibodi hiyo ilicheleweshwa mwaka baada ya mwaka, wateja wakalalamika, na Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ikaitoza Mattel faini ya kila mwezi hadi ahadi itimizwe. Mwaka 1982 mradi huo ulifutwa, na kifaa kidogo cha bei nafuu kikatolewa badala yake.

Baada ya soko la michezo ya video kuporomoka nchini Marekani mwaka 1983, Mattel ilifunga tawi lake la elektroniki mwaka uliofuata. Mwaka 1997 watayarishaji programu wawili wa zamani wa Intellivision, Keith Robinson na Stephen Roney, walinunua haki za michezo hiyo na kuihifadhi kwa kuitoa upya kwenye kompyuta na vifaa vingine. Robinson alifariki mwaka 2017.

Mpango wa Amico

Mwaka 2018 mtunzi wa muziki wa michezo ya video Tommy Tallarico alianzisha Intellivision Entertainment na kuwa mtendaji mkuu wake. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka. Konsoli za kisasa zimekuwa ghali, padi zake zina vitufe vingi, na michezo mingi imelengwa kwa wachezaji wazoefu, kiasi kwamba mzazi au bibi hushindwa hata kuanza. Watu haohao lakini hucheza kila siku kwenye simu zao. Wii ya Nintendo, iliyotoka 2006 na kuuzwa zaidi ya milioni 100, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba wateja wa namna hiyo wapo.

Masharti ya michezo ya Amico yalitangazwa mapema. Yote ingefaa watoto, isingekuwa na matangazo ya biashara wala manunuzi ya ziada ndani ya mchezo, na mingi ingeuzwa kwa chini ya dola 10. Wachezaji hadi wanane wangeweza kushiriki wakiwa chumba kimoja, wengine wakitumia simu zao kama padi. Orodha ya michezo ilichanganya matoleo mapya ya michezo ya zamani ya Intellivision, kama Astrosmash na Shark! Shark!, na mingine iliyopewa leseni, ikiwemo Missile Command na Breakout za Atari.

Kifaa chenyewe kilisanifiwa kikiwa na padi mbili zisizo na waya, ambazo zingechajiwa kwa kulazwa juu ya konsoli. Kila padi ilikuwa na kisahani cha kuelekeza kama cha zamani, na mahali pa vitufe vya namba pakawekwa skrini ndogo ya kugusa yenye rangi. Kwa mpenzi wa Intellivision ya kwanza hilo ndilo lililokuwa wazo zuri kuliko yote, kwa kuwa skrini ingeweza kubadilika kwa kila mchezo na kufanya kazi ya zile karatasi za plastiki.

Ucheleweshaji na fedha

Kampuni haikuwa na mtaji wa kampuni kubwa, hivyo ilitegemea sana watu wa kawaida. Toleo maalumu la konsoli 2,600 lilifunguliwa kwa oda kwa amana ya dola 100, na maelfu ya watu wakanunua hisa ndogondogo kupitia mitandao ya kuchangisha mitaji. Bei iliyotajwa mwanzoni ilikuwa kati ya dola 149 na 179. Baadaye ilipanda hadi 249.

Mnamo Agosti 2020 uzinduzi ulisogezwa hadi Aprili 2021, kisha hadi Oktoba 2021. Kampuni ilitaja janga la UVIKO-19, na baadaye upungufu wa vipuri vya elektroniki. Mwaka huohuo 2021 ilianza kuuza visanduku vya michezo, huku konsoli ya kuichezea ikiwa haijatoka. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kadi yenye chipu ya kumwezesha mwenye konsoli kupakua mchezo. Kadi peke yake haikuweza kuchezwa popote.

Februari 2022 Tallarico aliacha wadhifa wa mtendaji mkuu, na nafasi yake ikachukuliwa na Phil Adam. Jaribio jingine la kuchangisha mtaji mwaka huo lilifungwa bila kufikia lengo, na wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi. Baadhi ya waliolipa amana walilalamika kuwa kurudishiwa fedha kulichukua muda mrefu.

Novemba 2023 kampuni ilitoa Amico Home, programu ya simu inayotumia wazo lilelile bila konsoli: simu au tableti moja huendesha mchezo, na simu nyingine hugeuka padi. Michezo michache iliyokuwa imekamilika ilianza kuuzwa kwa njia hiyo.

Kununuliwa na Atari

Tarehe 23 Mei 2024 Atari ilitangaza kununua jina la Intellivision pamoja na haki za michezo zaidi ya 200. Atari ya sasa si ile iliyoanzishwa 1972, kwani jina lake pia limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Hata hivyo wapenzi wa historia ya michezo ya video waliipokea habari hiyo kama mwisho wa ushindani uliodumu zaidi ya miaka 40. Intellivision Entertainment ilibaki na Amico, kwa leseni ya kuendelea kutoa michezo ya Intellivision juu yake, na ilitakiwa kubadili jina.

Oktoba 2025 Atari ilitangaza Intellivision Sprint kwa bei ya dola 149.99. Sprint haikutokana na Amico. Ina michezo 45 ya zamani iliyowekwa ndani, padi mbili zisizo na waya, na karatasi za kuwekwa juu ya vitufe kama zile za 1980.